Kufunga waya juu ya viraka: shajara ya meno yangu, Mtwara

Septemba 2023. Kilichomo

Kabla sijaandika habari za waya wa kupanga meno, niandike kwanza kilichomo kinywani, maana huko ndiko mambo yote yalikoanzia. Nina miaka arobaini na moja. Juu mbele nina jino lililotibiwa mzizi na kuvikwa krauni, yaani kofia ya jino, ya kauri, matokeo ya kuanguka na pikipiki nikiwa chuoni. Juu kushoto nina daraja la meno matatu: la katikati ni la bandia, ya pembeni, chonge na gego dogo, ni yangu, ila yalisagwa yakavikwa ili yalibebe lile la katikati. Chini kulia gego la kwanza halipo. Liling'olewa nikiwa shule ya msingi, enzi ambazo jino likiuma dawa yake ilikuwa koleo. Gego la nyuma yake, kwa kuona pako wazi, limelala kuelekea mbele. Magego mengine mawili yamezibwa kwa ile dawa ya rangi ya fedha. Na meno ya chini ya mbele yamebanana mpaka moja limesukumwa nje ya mstari.

Hilo lililosukumwa nje ndilo korofi. Kila nikifunga mdomo linagonga krauni ya juu kwa nyuma, na sasa krauni imevunjika tena, safari hii kwa mkate wa chai. Daktari wa meno hapa Mtwara alinipa kikaratasi cha bluu nikakiuma, akanishikia kioo: doa moja la bluu, pale pale kauri ilipomeguka.

"Nyingine naweza kukutengenezea, dada," akasema. "Lakini tutaonana tena. Anayeivunja yumo humo humo mdomoni."

Kwa hiyo mradi huu si wa urembo, ingawa hakuna anayeniamini. Kazini wameshaamua kwamba nimepata pesa za korosho. Mama mmoja jirani pale Shangani aliniomba nisije nikafunga mwanya wangu, maana mwanya ni neema ya Mungu. Nikamwambia mwanya hauna kesi.

Oktoba 2023. Safari ya kwanza

Mabingwa wa kupanga meno nchini ni wachache, na wengi wao wako Dar es Salaam, ambako Muhimbili ndiko wanakosomeshwa madaktari wa meno kwa miaka mingi. Basi la alfajiri kutoka Mtwara, Lindi, Nangurukuru, Daraja la Mkapa pale Rufiji, na unaingia Mbagala jua likielekea kuzama. Nimelala kwa dada yangu.

Nilidhani daktari ataangalia meno yaliyopinda. Aliyaangalia mwisho. Kwanza aliuliza kama nina kisukari, kama navuta sigara, kama nimewahi kutumia dawa za mifupa. Halafu akaanza kuuliza habari za mafundi waliopita: nani alitibu mzizi, mwaka gani, daraja liligundishwa wapi, lile gego liling'olewa lote au mzizi ulibaki. Sina faili hata moja. Gego liling'olewa kwenye zahanati ya kijijini, daraja lilitengenezwa hapa Mtwara, krauni Dar, na kila mmoja aliandika kwenye kijidaftari ambacho mimi sikukiona tena. Ikabidi eksirei ndiyo isimulie: moja ya taya zima, juu na chini, nyingine ya kichwa kwa ubavu.

Alichosema nakiandika kwa kirefu, kwa sababu nilipokuwa natafuta habari hizi kwa Kiswahili nilikuta picha za wasichana wa miaka kumi na sita wenye meno mapya matupu.

Jino lililotibiwa mzizi husogea sawa na jingine. Nilidhani jino lililokufa haliwezi kwenda popote. Kumbe kinachofanya kazi si mshipa wa ndani ya jino bali ni nyuzi nyembamba zinazoshika mzizi kwenye mfupa. Waya ukisukuma, mfupa wa upande unaobanwa unaliwa kidogo kidogo, na upande wa pili unajengwa mfupa mpya. Sharti lake ni kwamba tiba ile ya mzizi iwe salama na kusiwe na usaha kwenye ncha. Langu lilikutwa safi.

Jino la kupandikiza, lile la skrubu, ni kinyume chake. Halina nyuzi, mfupa umelishika moja kwa moja, kwa hiyo halisogei hata ulivute kwa kamba ya jahazi. Mwenye nalo hupangiwa mpango wa kulizunguka, au jino hilo hutumiwa kama nanga ya kuvutia mengine. Mimi sinalo, na daktari alifurahi kusikia hivyo. Nafasi ya gego la chini itajazwa mwishoni.

Daraja ndilo tatizo. Meno mawili yaliyofungwa pamoja hayawezi kwenda kila moja njia yake, na mpango unataka chonge lirudi nyuma kidogo. Litakatwa. Nilimuuliza kama hakuna namna nyingine. Akasema ipo, ya kuacha upande wote wa kushoto ulivyo, halafu meno ya mbele yaishie katikati ya safari. Simlaumu aliyelitengeneza. Nilikwenda kwake nikiwa na pengo nikataka jino, akanipa jino, na limenitumikia vizuri.

Krauni mpya ya mbele itasubiri mpaka mwisho kabisa. Meno yakishapangwa urefu na umbo lake vitabadilika, kwa hiyo sasa navaa ya muda, ya plastiki. Kwenye picha inaonekana ya manjano kidogo.

Gharama ni shilingi milioni mbili na laki nane, nalipa kwa awamu, bila krauni ya mwisho na bila jino la kupandikiza. Bima ya kazini imekataa, imeandika "urembo". Nauli na siku za kulala Dar sijazihesabu, na nadhani nisizihesabu.

Desemba 2023. Fizi, kisha daraja

Hakuna waya kabla fizi hazijapona. Kwa mtu mzima hasa hii ni amri: ukisukuma jino ambalo fizi yake ina maambukizi, mfupa unaliwa na haujengwi tena, na jino linalegea. Nilikwanguliwa ugaga hapa hapa Mtwara, juu siku moja, chini siku nyingine. Nikapewa vile vibrashi vyembamba vya kupenyeza katikati ya meno. Damu ilikoma baada ya majuma machache. Naandika kwa ufupi kwa kuwa kazi yenyewe ndiyo hiyo, kila usiku, haina hadithi.

Daraja nalo limekatwa hapa, kwa barua ya bingwa wa Dar iliyochorwa mstari mwekundu mahali pa kukata: katikati ya chonge na jino la bandia. Sindano ya ganzi, mpira wa kukinga ulimi, halafu ile mashine. Mwanzoni ilikuwa inakula kauri, sauti nyembamba, unga mweupe unachanganyika na maji mdomoni. Kisha sauti ikabadilika, ikawa nzito na ya kukwaruza, nikajua imefika kwenye chuma. Daktari alikuwa anasimama kila baada ya muda mfupi, anapuliza hewa, anachungulia kwa miwani ya kukuza, maana akipitiliza anakata jino langu mwenyewe. Mwisho alipitisha uzi kati ya chonge na jino la bandia. Uzi ukapita kutoka juu hadi kwenye fizi. Tangu daraja lile liwekwe hapajawahi kupita kitu hapo.

Jino la bandia limebaki likining'inia kwenye gego dogo la nyuma yake. Nimeambiwa nisilitafunie. Msimu wa minada ya korosho umepamba moto na mimi ni karani wa ghala, nashinda kwenye harufu ya magunia. Kutafuna korosho za kukaanga huku unaandika stakabadhi ni sehemu ya kazi. Nimehamia upande wa kulia, ambako hakuna gego. Mapumziko ya chakula hayatoshi.

Februari 2024. Waya wa juu

Kwanza vimpira vya bluu, vidogo, vinabanwa katikati ya magego ili vifanye nafasi ya bendi, pete za chuma za kuvisha magego. Lazima vikae siku kadhaa, kwa hiyo nimekaa Mbagala nikinywa uji kwa dada. Hivyo vimpira vinauma kuliko waya wenyewe. Ni hisia ya mnofu wa nyama uliokwama ambao hautoki.

Siku ya kufunga ndipo nilipoona tofauti ya mdomo mzima na mdomo wa viraka. Kwenye meno yangu ya asili kazi ilikwenda haraka: bingwa anapaka asidi ya fosforasi, jeli ya bluu, anasubiri kidogo, anaosha, anakausha, na jino linakuwa jeupe la kufifia mithili ya chaki. Gundi, breketi (kile kidude cha kushikia waya), taa ya bluu. Jino linalofuata.

Alipofika kwenye chonge lenye kauri akasimama. Uso wa kauri ni wa kuteleza, asidi ile haiukwaruzi. Ikabidi aiparuze kwanza kwa mashine, akaziba fizi kwa utomvu mzito wa rangi, akaniambia nisilambe kitu chochote, halafu akapaka asidi nyingine kali zaidi, ya haidrofloriki, ambayo ikigusa fizi inaunguza. Akanyonya yote kwa mpira kabla ya kuosha. Kisha dawa ya kushikanisha, akaacha ikauke. Kisha ndiyo gundi. Jino moja lilichukua muda wa meno matano. Na bado akaonya: "Hii ndiyo itakayobanduka. Na siku ya kuvua, kauri inaweza kumeguka. Usije ukasema hukuambiwa." Nimesaini karatasi inayosema hivyo hivyo.

Magego yaliyozibwa kwa dawa ya fedha hayakuleta shida. Yamevikwa bendi, imekwisha.

Waya wa kwanza ni mwembamba, inchi 0.014, wa nikeli na titani. Ukiupinda unarudi kwenye umbo lake, na kurudi huko ndiko kunakovuta meno.

Nyumbani watoto wameniita Mama Senyenge. Baba yao amecheka, kisha akajidai anakohoa.

Machi 2024. Ramadhani

Maumivu ya kukaza huwa makali siku ya kwanza mpaka ya tatu, halafu yanashuka. Ilinibidi nipange kukaza kabla ya mwezi kuandama. Panadoli nakunywa baada ya futari. Daktari hakupendekeza ibuprofeni kwa sababu dawa za jamii ile zinaweza kupunguza ule uvimbe mdogo unaosaidia jino kusogea.

Futari yetu inaendana na waya vizuri kuliko nilivyotegemea: uji, viazi vya nazi, mihogo iliyoiva, samaki wa mchuzi. Kilichonishinda ni tambi, zinajizungusha kwenye breketi. Na bizari. Vimpira vya kufungia waya nilichagua visivyo na rangi ili visionekane, na mchuzi mmoja tu wa manjano umevitia rangi yote. Hudhurio lijalo nachukua vya kijivu.

Baada ya daku napiga mswaki kwa taa ya simu, kioo kimeegemezwa kwenye ndoo, muda mrefu kuliko nilivyokula.

Mei 2024. Barabara

Breketi ya chonge imebanduka, kama ilivyotabiriwa, na wakati haukuwa mzuri. Kimbunga Hidaya kimepita mwanzoni mwa mwezi, mvua imekata barabara ya Dar upande wa Kilwa, Somanga na kwingineko, magari yamelala njiani. Hudhurio langu likapita hivi hivi.

Breketi yenyewe haikudondoka, ilikuwa inateleza kwenye waya huku na huko na kunigongagonga ninapoongea. Na waya, kwa kukosa pa kushikwa, ulisogea mpaka ncha ikatokeza nyuma ya gego na kuchoma shavu. Nta ilisaidia usiku mmoja. Asubuhi nilikwenda kwa daktari wangu wa hapa, yule wa kikaratasi cha bluu. Yeye hafungi waya, lakini alimpigia bingwa simu, wakatazama picha niliyopiga, akakata ncha kwa koleo lake na kuifunga breketi isiteleze. Robo saa.

Ninachowaambia wa huku Kusini wanaouliza ni hiki hapa. Usifunge waya Dar kabla hujapata daktari wa meno wa karibu aliyekubali, kwa mdomo wake, kukupokea mambo yakiharibika. Mwenye meno mazima anaweza kubahatisha. Mwenye krauni na daraja atabandukiwa tu, ni suala la lini.

Agosti 2024. Waya wa chini

Ulichelewa kwa makusudi. Meno yangu ya juu yanafunika ya chini mno, na breketi za chini zingegongwa kila ninapouma. Suluhisho lilikuwa vituta viwili vya gundi juu ya magego, ili mdomo usifunge mpaka mwisho. Nimekula kwa vituta hivyo majuma mengi: nyama ya kusaga, wali uliolainishwa, ndizi. Niliongea kama mgeni wa Kiswahili. Ghalani nilikuwa natumia kalamu kuonyesha.

Gego lililolala limepata bendi yake na kispringi cha kulisimamisha. Kwa kawaida jino husogea takriban milimita moja kwa mwezi, na gego lina mizizi miwili minene. Nimeambiwa nisiliulizie kabla ya mwaka mpya.

Novemba 2024. Vilivyokatazwa

Korosho, miwa, mahindi ya kuchoma, embe bichi la kung'ata, pweza wa kukaanga. Karatasi ya kliniki ilitaja njugu na barafu. Haikujua habari za ming'oko, vile viazi pori vyetu vya huku Kusini. Ming'oko huliwa kwa kuvuta: unaibana na meno ya mbele, unakokota, nyama inabaki mdomoni, ganda na nyuzi mkononi. Sasa namenya kwa kisu, nakata vipande, nachovya kwenye pilipili. Muuzaji wa pale stendi ananitazama kwa huruma.

Korosho nimepata njia: nasaga nusunusu, nachanganya kwenye uji au kwenye mboga. Siyo sawa.

Nilikwenda Newala kumsalimia bibi. Bibi ana nembo usoni na meno ya mbele yaliyochongwa, kama wanawake wengi wa Kimakonde wa rika lake. Alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akachunguza kwa muda.

"Umelipa?"

"Nimelipa, bibi."

"Mimi nilichongwa asubuhi, jioni nikala. Fundi wako mpaka leo hajamaliza?"

Sikuwa na jibu.

Aprili 2025. Picha ya katikati

Eksirei nyingine. Kwa watu wazima wanataka kuona mizizi haijafupika, maana kusukumwa kunaweza kula ncha za mizizi, na jino lililowahi kupata ajali huangaliwa zaidi. Langu la mbele limepoteza kidogo sana, daktari amesema tunaendelea kwa nguvu ndogo. Gego limesimama. Nimeliona kwenye picha, wima, na mbele yake uwanja mtupu wa kutosha jino zima.

Waya sasa ni wa chuma, mnene, wa pembe nne, inchi 0.019 kwa 0.025. Huu haurudi kwenye umbo lolote. Wenyewe ndio reli, meno yanavutwa juu yake. Breketi ya chonge ilibanduka tena, safari hii Dar, mikononi mwa daktari mwenyewe. Hatimaye akaivua kabisa hiyo krauni ya zamani ya chonge, akaweka ya muda ya plastiki na kubandika breketi juu yake. Haijabanduka tangu siku hiyo. Kama kuna jambo moja ningemshauri mwenye krauni za kauri kuuliza siku ya kwanza, ni kama zile ambazo zitabadilishwa mwishoni haziwezi kuvuliwa mwanzoni.

Nimeuma tena kikaratasi cha bluu. Alama ziko kwenye magego, pande zote mbili. Nyuma ya jino la mbele hakuna kitu.

Septemba 2025. Yaliyobaki

Meno yamepangika. Kilichobaki ni mfuatano wa kazi, na ndio unaonipotezea usingizi kuliko maumivu yote yaliyopita.

Waya ukivuliwa, meno huanza kurudi yalikotoka mara moja, kwa hiyo lazima uvae kizuizi, na kwa mtu mzima kukivaa usiku hakuna mwisho. Lakini kizuizi hutengenezwa kwa umbo la meno yaliyopo, na ya kwangu yatabadilika: jino la mbele linasubiri krauni ya kauri, chonge na lile la bandia yanasubiri daraja jipya. Kizuizi cha kwanza hakitaingia baada ya krauni. Ule waya mwembamba unaogundishwa kwa nyuma nao haushiki vizuri kwenye kauri. Tumekubaliana hivi: kuvua, kizuizi cha muda siku ile ile, vipimo vya krauni, kusubiri maabara, kugundisha krauni, kisha kizuizi cha kudumu. Yote yafanyike nikiwa Dar, bila kurudi Mtwara katikati.

Gego la chini nimeamua liwe la kupandikiza. Daraja jipya lingemaanisha kusaga meno mawili mazima, na limenichukua miezi minane hivi kulisimamisha mojawapo; silisagi. Skrubu itawekwa kabla ya kuvua waya, ili waya ulinde nafasi wakati mfupa unashika, jambo ambalo huchukua miezi kadhaa. Upande wa kushoto juu nitarudishiwa daraja, kwa kuwa meno yale yalishasagwa zamani na hakuna cha kuokoa.

Skrubu imepangwa Novemba. Novemba ni minada. Nimepeleka barua ya ruhusa, mkuu wa ghala ameisoma, akauliza kama jino haliwezi kusubiri mpaka Februari. Nimempigia daktari, amesema linaweza, ila waya utakaa mpaka mfupa ushike, yaani pengine mpaka baada ya Ramadhani nyingine. Nimenunua vimpira vya kijivu vya kutosha.